Mpini Bora ni Upi? Sayansi ya Kuchagua Mti Katika Miteremko ya Mlima Meru

Wahenga walisema kuwa shoka lisilo mpini halichanji kuni. Wangeweza kuongeza kwamba shoka lenye mpini mbaya ni la kuogopwa zaidi, kwa sababu lile lisilo na mpini hulala tu kando ya jiko, lakini hili huinuliwa juu ya vichwa vya watu.

Jambo hili nililifahamu nikiwa kijana wa darasa la saba, nyumbani kwetu katika miteremko ya kusini ya Mlima Meru. Nilikuwa nimechonga mpini wa shoka kutokana na kipande cha mbao ya loliondo, mti ambao kila mtu kijijini aliusifu kwa ugumu wake. Niliupiga msasa mpaka ukang'aa, nami nikajivuna. Siku ya tatu mpini ule ulikatika ghafula karibu na tundu la shoka. Chuma kikaruka na kumpiga kaka yangu kwenye muundi. Msimu ule wa kupanda mahindi ulipita kaka akiwa kitandani, na hadi leo huchechemea wakati wa baridi.

Mzee mmoja jirani yetu, fundi seremala, alikuja kumjulia hali. Kisha akaomba aonyeshwe vile vipande viwili vya mpini. Hakuuliza ulikuwa mti gani. Aliweka ukucha wake juu ya mstari mmoja mwembamba wa nyuzi za mti, akaufuata polepole. Kabla ukucha haujatimiza sentimita 15 ulikuwa umevuka unene wote wa mpini na kutokea upande wa pili. Akafanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu matokeo yakawa yale yale. "Mwanangu," akasema, "mti ulikuwa mzuri, lakini wewe ulizikata nyuzi zake kabla shoka halijakata kuni."

Ilinichukua miaka mingi, pamoja na masomo ya shahada ya udaktari huko Norwei, kufahamu kwa hesabu kile ambacho mzee yule alikiona kwa ukucha. Katika makala haya nakusudia kueleza mambo hayo kwa lugha nyepesi, ili mkulima, seremala na mwanafunzi waweze kuyatumia. Fundisho lake kuu ni moja: anayechagua mti wa mpini asichague jina la mti, bali achague nyuzi zake.

Mpini na mbao za theluji

Kule Norwei watu husafiri na kucheza juu ya theluji kwa kutumia mbao mbili ndefu na nyembamba zinazofungwa miguuni, nazo huitwa skii. Kilele cha Meru, chenye urefu wa zaidi ya mita 4,500 kutoka usawa wa bahari, hupata theluji kwa nadra tu, na hakuna mkulima wa Arumeru anayehitaji skii. Hata hivyo, swali wanalojiuliza watengenezaji wa skii ni lile lile analopaswa kujiuliza mchongaji wa mpini: ni mti gani unaoweza kupinda, kupokea pigo, na kurudi ulivyokuwa, maelfu ya mara, bila kukatika na bila kumchosha mtumiaji?

Hapo zamani Wanorwei walichonga skii kwa misonobari na miti mingine ya kwao. Kuelekea mwisho wa karne ya 19 walianza kuagiza kutoka Marekani mbao za mti uitwao hikori. Mti huo huo ndio Wamarekani wanaoutumia kwa mipini ya mashoka na nyundo, na jambo hili halikutokea kwa bahati. Skii na mpini, ingawa havifanani kwa sura, hudai sifa moja, nayo ni unyumbufu wenye nguvu. Mti ulio mgumu lakini haupindi huvunjika kama kioo. Mti unaopinda kwa urahisi lakini hauna nguvu hubaki umepinda. Unaofaa ni ule unaopinda kidogo, ukameza nishati ya pigo, kisha ukairudisha.

Katika miaka ya 1930 watengenezaji wa skii waliendelea hatua nyingine. Waligundika mbao za tabaka kadhaa: mti wenye nguvu ukawekwa nje, na mti mwepesi ukawekwa katikati. Hadi leo skii nyingi zina kiini cha mti mwepesi kilichofunikwa kwa tabaka ngumu juu na chini, na wako watu wanaojitengenezea nyumbani kwa njia hiyo.

Kwa nini mti mwepesi unatosha katikati? Shika fito mbichi kwa mikono miwili uipinde. Upande wa nje wa pindo unavutwa, na upande wa ndani unagandamizwa. Katikati, kati ya kuvutwa na kugandamizwa, nyuzi karibu hazisumbuliwi kabisa. Basi nguvu ya kitu kinachopindwa imo katika ngozi yake zaidi kuliko katika moyo wake. Ndiyo maana mpini uliotokana na mti mwembamba mzima, wenye kiini laini katikati, waweza kudumu vizuri; na ndiyo maana kovu dogo la panga juu ya uso wa mpini ni la hatari kuliko ufa mdogo ulio ndani.

Kanuni hiyo hiyo yatufundisha juu ya unene. Mpini wa mviringo ukiongezwa kipenyo kwa asilimia 10 tu, nguvu yake ya kuhimili mpindo huongezeka kwa asilimia 33, na ukakamavu wake kwa asilimia 46. Kwa hiyo mti dhaifu kidogo waweza kufidiwa kwa milimita chache za unene, mradi kiganja kiweze kuushika vyema.

Uzito si nguvu

Wengi wetu hupima ubora wa mti kwa uzito wake. Dhana hii ina ukweli ndani yake, kwani kwa kawaida mti mzito una nguvu zaidi kuliko mwepesi. Lakini mpini hauwekwi chini kama nguzo, huinuliwa. Hebu tufanye hesabu.

Mpini wa jembe wenye urefu wa sentimita 115 na kipenyo cha sentimita 3.5 una ujazo wa takriban sentimita 1,100 za ujazo. Mgrevilea mkavu una uzito wa karibu kilo 600 kwa mita moja ya ujazo. Mpingo una karibu kilo 1,200. Mpini wa mgrevilea utakuwa na gramu 660 hivi, na wa mpingo gramu 1,320. Tofauti ni gramu 660. Tuseme mkulima anainua jembe mara 20 kwa dakika, kwa muda wa saa 4. Ataliinua mara 4,800. Hata tukihesabu nusu tu ya tofauti ile, kwa kuwa ncha iliyo mkononi haipandi juu sana, mkulima wa mpini wa mpingo atakuwa amenyanyua zaidi ya tani moja na nusu bila faida yoyote. Akiwa mama aliyeamka alfajiri, na ambaye bado ana maji ya kuteka na chakula cha kupika, tani hiyo si jambo dogo.

Hikori, mti uliochaguliwa na wachonga mipini na wachonga skii pia, una uzito wa karibu kilo 800 tu kwa mita ya ujazo. Upo katikati. Haukuchaguliwa kwa sababu ni mzito kuliko yote, bali kwa sababu hustahimili pigo na kwa sababu nyuzi zake zaweza kupatikana zikiwa zimenyooka.

Nyuzi ndizo mpini

Mti umejengwa kwa nyuzi ndefu zilizoshikamana, mfano wa fungu la katani lililotiwa gundi. Kuzikata nyuzi zenyewe kwa kuzivuta ni kazi ngumu. Kuzitenganisha moja na nyingine ni kazi rahisi, kama ajuavyo kila apasuaye kuni. Mpini ambao nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka tunduni hadi mwishoni hulilazimisha pigo kukata nyuzi. Mpini ambao nyuzi zake zinakwenda mshazari huliruhusu pigo kupenya katikati yake na kuzitenganisha.

Maabara ya Mazao ya Misitu ya Madison huko Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1910, imetoa vipimo vya jambo hili. Mshazari hupimwa kwa kutazama nyuzi zinatoka nje kwa kiasi gani katika urefu fulani. Nyuzi zikitoka nje sentimita 1 katika kila sentimita 20, mbao hubaki na asilimia 93 ya nguvu yake ya kuhimili mpindo, na asilimia 90 ya uwezo wake wa kustahimili pigo. Zikitoka sentimita 1 katika kila sentimita 10, nguvu ya mpindo hushuka hadi asilimia 81, lakini uwezo wa kustahimili pigo huanguka hadi asilimia 62. Zikitoka sentimita 1 katika kila sentimita 5, hubaki asilimia 55 ya nguvu ya mpindo, na asilimia 36 tu ya uwezo wa kustahimili pigo.

Mpini wangu ulikuwa na unene wa sentimita 3, na nyuzi zake zilivuka unene huo katika sentimita 15. Huo ni mshazari wa 1 kwa 5. Niliutwaa mti wenye sifa kubwa, nikautupilia mbali karibu theluthi mbili za ustahimilivu wake kwa msumeno, kisha nikaupiga msasa. Mgrevilea wa kawaida wenye nyuzi zilizonyooka ungekuwa salama kuliko loliondo ile.

Kutokana na hayo tunapata sababu ya desturi moja ya mafundi wa zamani. Wao hawakupenda kupasua mti wa mpini kwa msumeno, bali kwa kabari na nyundo. Msumeno hufuata mkono wa mtu. Kabari hufuata nyuzi za mti. Kipande kilichopasuliwa kwa kabari, hata kikiwa na sura mbaya, kimekwisha kutuonyesha njia ya nyuzi zake.

Mlima huacha alama yake ndani ya mti

Katika eneo letu kuna jambo jingine la kuangaliwa, nalo ni mteremko. Mti uliootea penye mwinamo mkali, au unaosukumwa na upepo wa upande mmoja, hujitahidi kusimama wima, na katika juhudi hizo hujenga mbao zisizo za kawaida. Misaipresi na misonobari hujenga mbao hizo katika upande wa chini wa mwinamo. Huwa na rangi nyeusi kidogo, huwa nzito, na hukatika ghafula bila kutoa onyo. Miti ya majani mapana, kama mgrevilea na mkaratusi, huzijenga katika upande wa juu. Msumeno ukipita huacha manyoya, na mbao hizo zikikauka hupindapinda.

Dalili zake si ngumu kuziona. Shina lililojikunja karibu na ardhi kama mguu wa kiti, na kiini kisichokaa katikati ya gogo, ni onyo. Mti wa namna hiyo utumike kwa kuni au kwa vigingi vya ua, usitumike kwa mpini.

Vilevile vifundo viangaliwe. Kifundo ni shina la tawi lililozikwa ndani ya mti, na nyuzi hulazimika kulizunguka kama maji yanavyozunguka jiwe mtoni. Migrevilea ya mashambani mwetu hupogolewa mara kwa mara ili kuni zipatikane na kahawa ipate mwanga, kwa hiyo ina vifundo vingi. Mchongaji atafute sehemu safi kati ya makovu mawili ya matawi, na kamwe asiache kifundo kikae karibu na tundu la shoka au jembe, mahali ambapo mpindo ni mkubwa kuliko pote.

Miti iliyo karibu nasi

Upande wa kusini na wa mashariki wa Meru hupata mvua nyingi, na huko ndiko kwenye kahawa na migomba. Mgrevilea, mti ulioletwa kutoka Australia, umejaa katika mashamba hayo. Unafaa kwa majembe, reki na mafagio, lakini haufai kwa shoka zito wala nyundo kubwa. Mkaratusi una nguvu zaidi, ingawa aina zake hutofautiana sana. Tatizo lake ni kwamba hupasuka unapokauka, na sehemu iliyo karibu na kiini ni dhaifu. Itwae ile ya nje ya mti uliokomaa. Mpera mzee uliokwisha kuzaa una mbao ngumu na nzito zinazofaa sana kwa mipini mifupi, kama ya nyundo na tezo.

Upande wa magharibi na wa kaskazini ni mkavu. Katika nyanda za chini za upande huo huota mkole, kichaka ambacho vichipukizi vyake virefu vimetumiwa tangu zamani kwa pinde, fimbo na mipini. Upinde ni shahada bora ya unyumbufu ambayo mti waweza kupewa. Aidha, mkole ukikatwa huchipua tena, kwa hiyo anayeukata kwa busara hamalizi akiba yake.

Mzeituni mwitu, ambao Wamasai huuita oloirien, ni mgumu na hudumu sana, lakini hukua polepole. Kuukata mti mzima ili kupata mpini wa jembe ni sawa na kuchinja ng'ombe kwa ajili ya kamba moja ya ngozi. Mtarakwa, yaani mwerezi wa mlimani, huwadanganya wengi kwa sababu nyuzi zake zimenyooka na hauliwi na mchwa upesi; lakini hupasuka kirahisi na hauvumilii pigo. Huo ni mti wa nguzo. Msaipresi ni mwepesi na una vifundo vingi. Uachiwe kazi za ujenzi.

Jambo moja zaidi: wako wanunuzi wanaokataa mpini wenye sehemu nyeupe wakidhani ni dhaifu. Ule weupe ni sehemu ya nje ya mti, nayo kwa nguvu hailingani vibaya na ile ya ndani yenye rangi. Tofauti yake kubwa ni kwamba huliwa na wadudu na kuoza upesi zaidi. Mpini unaohifadhiwa pakavu hauna haja ya kuogopa weupe.

Kukausha na kutia mpini

Mti mbichi umejaa maji. Kipande kilichokuwa na gramu 900 siku ya kukatwa, kikakauka kabisa kikabaki na gramu 600, kilikuwa na maji ya gramu 300, yaani asilimia 50 ya uzito wake mkavu. Maji yanapopungua chini ya asilimia 30 hivi, mbao huanza kusinyaa na wakati huo huo kuongezeka nguvu. Mpini uliotiwa ungali mbichi husinyaa ndani ya tundu, chuma kikalegea, na siku moja kikaruka.

Kausha mti kivulini, penye upepo, mbali na moto. Paka rangi au nta kwenye ncha zake mbili ili zisipasuke, kwani maji hutoka upesi kupitia nchani kuliko ubavuni. Kisha upime kwa mizani ya dukani mara moja kwa juma. Juma ambalo uzito hautapungua tena ndilo juma la kuchonga.

Mpini ukilegea, wengi wetu hutumbukiza shoka ndani ya ndoo ya maji. Kwa siku moja hukaza. Lakini mbao inapovimba ndani ya tundu la chuma haina mahali pa kwenda, hivyo nyuzi zake hujiponda zenyewe. Ikikauka husinyaa kuliko mwanzo. Kila tumbukizo hulegeza tumbukizo lijalo. Dawa ya kweli ni kabari ya mti mkavu iliyopigwa sawasawa.

Mtihani wa sokoni

Ndugu msomaji, utakapokwenda gulioni Tengeru au Ngaramtoni, au katika maduka ya Jiji la Arusha, usichukue mpini wa kwanza unaopewa. Kwanza, fuata mstari mmoja wa nyuzi kwa ukucha. Ukitoka nje kabla ya sentimita 45 katika mpini wa unene wa sentimita 3, urudishe kama ni wa shoka, kwani huo ni mshazari unaozidi 1 kwa 15. Pili, tafuta vifundo katika theluthi ya upande wa tundu. Tatu, tazama kwa jicho moja kutoka nchani uone kama umenyooka, na kama haukunyoshwa kwa kuchongwa upande mmoja tu, maana hapo nyuzi zimekatwa. Nne, egemeza ncha chini na uukandamize katikati kwa kiganja. Upinde kidogo, na urudi. Tano, ugonge polepole juu ya jiwe: mpini mzima na mkavu hutoa mlio mkali, wenye ufa hutoa mlio uliokufa.

Mitihani hii haihitaji maabara wala fedha. Faida yake kwa mkulima ni usalama wake na wa wale wanaofanya kazi kando yake. Faida nyingine ni ya mlima wenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kukata miti katika hifadhi bila kibali, lakini sheria peke yake haimpatii mtu mpini. Maadamu tunaamini kuwa mpini mzuri hutokana na jina kubwa la mti, tutaendelea kuitamani miti ya asili inayokua kwa miaka mingi. Tukijua kwamba mpini mzuri hutokana na nyuzi zilizonyooka, tutaupata katika mti tulioupanda wenyewe mpakani mwa shamba.

Kaka yangu sasa ana mashoka mawili, yote yana mipini ya mkaratusi aliyoichonga mwenyewe. Kabla ya kuanza kuchanja kuni huwaita watoto, akawaambia wapitishe ukucha juu ya mpini, kisha ndipo huwaambia wasogee mbali.